Hadaa ya Safari ya Karibu

Mazungumzo yetu ya leo yahusu maandalizi ya mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, akafanya kazi miaka kadhaa, kisha akajaaliwa nafasi ya kwenda kusoma shahada ya uzamili katika mji wa joto; na mji nilio nao katika fikra zangu ni Morogoro, ambao kwa mtu wa kwetu Handeni si mbali kiasi cha kutisha, wala si karibu kiasi cha kwenda asubuhi na kurudi jioni na kazi ikawa imefanyika.

Sababu ya kuchagua maudhui haya si ya kufichwa. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni bibi shamba katika kata mojawapo ya wilaya yetu, amepata nafasi hiyo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho watu wote hukiita SUA. Na tangu habari hiyo ienee, kila jirani apitaye barazani hutoa nasaha yake, na nasaha hizo, ukizipepeta, karibu zote hukomea kwenye jambo moja: kwamba asijitaabishe, maana Morogoro ni hapo tu, jua lake ni kama la kwetu, lugha ni ile ile, chakula ni kile kile, na kitu akikisahau atapewa mtu wa basi amfikishie. Nia ya majirani ni njema, lakini rai yao naitilia shaka, na shaka hiyo ndiyo nitakayowaeleza leo: kwamba safari ya mbali na ya baridi humlazimisha mtu kujiandaa, ilhali safari ya karibu na ya joto humhadaa, akafika na mizigo yake yote salama, hali ya kuwa mambo yake hakuna hata moja alilolitengeneza.

Tuwatazame kwanza wale waliolazimishwa. Katika zama za ukoloni Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, wala chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam hakikufungua milango yake ila Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU. Kwa hiyo aliyetaka elimu ya juu kabla ya hapo hakuwa na budi kuelekea Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922. Reli ya Tanga, ambayo hupita Korogwe, ilifika Moshi mwaka 1911, ikaunganishwa na Voi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ile iliyotoka Mombasa kupitia hapo Voi na Nairobi ikaingia Kampala mwaka 1931, hata Korogwe na Makerere zikawa katika ncha mbili za njia moja ya chuma. Julius Nyerere alisoma huko Makerere tangu 1943 hadi 1945, kisha mwaka 1949 akavuka bahari kwenda Edinburgh, Uskochi, na mwaka 1952 akarudi na shahada yake.

Sasa, mtu aendaye mji kama Edinburgh hana haja ya kuhimizwa ajiandae, kwa kuwa baridi yenyewe humhimiza. Huuliza habari za koti, na akisha kuuliza habari za koti hujikuta anauliza na nyinginezo: nani atanipokea, nitakula nini, fedha zitanifikia kwa njia gani, mama yangu akiugua nitapataje habari, na je, nisiporudi kwa miaka mitatu, shamba litakuwa mikononi mwa nani? Hofu ya baridi humfungulia mlango wa tadbiri, na huingia mlango huo akiwa na miezi kadhaa mbele yake. Lakini joto halina koti la kununuliwa. Anayetoka hapa kwetu Chanika, Handeni, kwenda Morogoro hujiona yuko tayari tangu siku ile alipopata barua, kwa sababu nguo alizonazo zinafaa, na kwa kuwa nguo zinafaa hudhani kwamba na mengine yote yanafaa.

Mji wenyewe tuujue kabla ya kuendelea. Morogoro umelala chini ya milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600, na maji yateremkayo kutoka milima hiyo hujaza Mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam huunywa kila siku. Reli ya Kati iliyojengwa na Wadachi ilifika hapo mwaka 1907. Mwaka 1965 kilianzishwa chuo cha kilimo cha kutoa stashahada. Mwaka 1969 chuo hicho kikafanywa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na tarehe 1 Julai 1984 kikasimama peke yake kuwa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, katika mkoa huo huo, tarehe 12 Aprili ya mwaka ule. Mbele kidogo kwa barabara ya Iringa iko Mzumbe, ambayo mwaka 1953 ilianza kuwa shule ya serikali za mitaa, wakifundishwa humo machifu, makarani na madiwani, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kisha chuo kikuu mwaka 2001. Mjini kwenyewe kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichoanza mwaka 2005, na chuo kikuu kishiriki cha Jordan. Hapana shaka, basi, kwamba huu ni mji wa wanachuoni, ambamo kufunguliwa na kufungwa kwa vyuo hupandisha na kushusha biashara ya wapangishaji, ya wapishi, ya wenye mashine za kunakili karatasi, na ya vijana wa bodaboda.

Watu wetu wa Handeni wanaujua mji huo kwa sura nyingine. Huujua kwa sababu ya Nane Nane, maana maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Mashariki, ambayo mkoa wa Tanga umo ndani yake, hufanyika huko kila Agosti. Na wengine huujua kwa kupita tu, wakitoka Chalinze kwenda Dodoma. Aliyeuona mji kwa siku za maonyesho ameuona umepambwa, mwezi wa Agosti, wakati upepo wa Uluguru ungali unapoza usiku. Mwanafunzi hafiki Agosti. Mwaka wa masomo aghalabu huanza baina ya Oktoba na Novemba, nayo ni miezi ambayo joto linapanda, na litaendelea kupanda hadi Februari, huku mvua za vuli zikinyesha au zikikataa kunyesha kama zipendavyo. Hivyo basi mtu anayesema anaijua Morogoro, na aliyoijua ni ya Nane Nane, hana budi kuijua upya.

Katika maandalizi, la kwanza ninaloliweka mbele ya fedha na mbele ya chumba ni swali. Katika shahada ya kwanza mtu hupewa masomo akayapokea, lakini katika shahada ya uzamili, baada ya masomo ya darasani, hutakiwa alete jambo lake mwenyewe la kuchunguza, aliandikie andiko la utafiti, alitetee mbele ya wajuzi, kisha alitungie tasnifu. Na wengi hufika chuoni wakitumaini kwamba swali watalipata maktabani. Maktaba ya SUA ndiyo Maktaba ya Taifa ya Kilimo, na ni hazina isiyodharaulika, lakini maktaba hujibu aliyekwenda kuuliza, na asiyekuwa na la kuuliza hutoka humo na swali la mtu mwingine, alilolisoma katika kitabu cha nchi nyingine, juu ya mmea ambao mama yake hajapata kuupanda.

Mpwa wangu analo la kuuliza, nalo liko chini ya miguu yake. Handeni ni nchi ya mahindi na mihogo, na mhogo ndio amana ya mwaka ambao mahindi yameungua. Mhogo huo una adui wawili wakubwa, batobato na michirizi ya kahawia, ambao huenezwa na nzi weupe na, zaidi ya hao, huenezwa na sisi wenyewe tunapopeana pingili zenye maradhi bila kujua. Ubaya wa michirizi ya kahawia ni kwamba mara nyingi majani hayaonyeshi dalili ya kutisha. Mkulima huona shamba limesitawi, humshukuru Mungu, na siku ya kung'oa ndipo akutapo mihogo imeoza ndani kwa madoa makavu ya rangi ya udongo. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na aliyeueleza, mtaalamu Mwingereza aitwaye Storey, hakuwa London. Alikuwa Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, mkoani kwetu, katika kituo cha utafiti kilichoasisiwa na Wadachi mwaka 1902. Hapo Amani yeye na wenziwe waliuchanganya mhogo na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira wa asili ya Brazil, ili kupata mbegu inayostahimili maradhi, na baadhi ya uzao wa kazi ile ulifika hata Nigeria, ukawa katika nasaba ya mihogo bora iliyoenezwa baadaye katika Afrika ya Magharibi.

Tafakarini jambo hilo. Watu walitoka Ulaya, wakavuka bahari na makoti yao wakayaacha, wakaja mkoa wa Tanga kuuliza swali la mhogo. Na leo binti wa Handeni anataka kwenda Morogoro bila swali, kwa kudhani kwamba kwao hakuna la kuulizwa! Nilimwambia, na hapa nalirudia kwa faida ya wengine walio katika hali yake, kwamba kabla hajafunga begi azunguke vijiji anavyovihudumia, aonane na wakulima ambao mihogo yao imeoza na wale ambao mihogo yao haijaoza, aandike pingili zilitoka wapi, zilipandwa mwezi gani, na jina la mbegu kwa Kizigua; kisha apite Mlingano, Muheza, kwenye kituo cha utafiti ambacho tangu mwaka 1934 kimekuwa kikishughulika na mkonge na baadaye udongo, aombe kuonana na wataalamu wake. Daftari hilo litamfaa kuliko sanduku la nguo.

Tena kuna hesabu ambayo asiyeifanya mapema hujuta. Masomo ya uzamili kwa kawaida ni miaka miwili, na mwaka wa kwanza huliwa na darasa. Mhogo nao hukaa ardhini miezi 9, 12, na pengine zaidi, wala haujui tarehe za chuo. Ikiwa andiko la utafiti litapitishwa baada ya mvua za vuli kuanza, mwanafunzi atapanda kwa kuchelewa, au atangoja masika, na akingoja masika atang'oa mihogo yake wakati wenziwe wanavaa majoho. Mwenye busara ama huchagua swali linaloweza kujibiwa kwa kupima mashamba ambayo wakulima wamekwisha kuyapanda, ama hukubaliana na msimamizi wake tangu miezi ya mwanzo, ili mvua ikija imkute tayari. Hili halisomwi katika barua ya kukubaliwa chuoni, na ukaribu wa Morogoro hauliondoi.

Wala mtu asidharau swali la kwao kwa kuliona ni la kishamba. Huko huko SUA, tangu mwaka 2000 au kabla yake kidogo, shirika liitwalo APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na, baadaye, kutambua kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Panya buku kwetu ni mwizi wa mahindi ghalani, na kwa baadhi ya jamaa ni kitoweo. Lakini mmoja wao, aliyepewa jina la Magawa, aliyezaliwa nchini mwetu na kufanya kazi Kambodia, mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza kwa ushujaa wake wa kufichua mabomu. Aliyewaza hayo alimtazama mnyama ambaye sisi sote tulikuwa tukimtazama kila siku.

La pili ni chumba, na hapa ndipo joto linapodai haki yake. Mwanafunzi wa uzamili aghalabu ni mtu mzima, hapendi kulala bweni pamoja na vijana wa mwaka wa kwanza, na hata akipenda nafasi huwa haba. Kwa hiyo hupanga uraiani, Mafiga au Magadu akitaka kuwa karibu na chuo, Kihonda au Bigwa akitaka nafuu. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima, na dalali juu yake hudai kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake wa kuonyesha mlango. Anayefika juma lile ambalo chuo kinafunguliwa huchagua katika vilivyobaki, tena huchagua jioni, wakati ambapo kila chumba ni kizuri. Ningependa mpangaji yeyote akione chumba saa nane za mchana. Atazame juu: je, kuna dari, au ni bati tupu? Atazame ukuta unaopokea jua la magharibi. Atazame kama madirisha yamepangana hata upepo upite. Aulize maji hutoka siku gani, na mita ya umeme ya LUKU ni ya kila mpangaji au ni moja kwa nyumba nzima, kwani ugomvi wa LUKU umewatenganisha majirani ambao hata siasa haikuwatenganisha. Chandarua ni faradhi. Shuka zito nalo si la kuachwa, maana Juni na Julai pepo za mlimani huwashangaza walioamini kwamba mji wa joto hauna usiku wa baridi.

Na joto si suala la jasho tu. Ni suala la saa. Katika chumba cha bati, tangu adhuhuri hadi alasiri, akili haikubali kubeba mzigo mzito, na mwanafunzi anayejilazimisha kusoma takwimu wakati huo husinzia juu ya daftari, kisha hujilaumu kuwa ni mvivu. Wazee wa pwani walilijua jambo hili zamani, wakaipanga siku yao kwa mujibu wa jua: kazi nzito baada ya alfajiri, mapumziko mchana, kisha kazi tena jua likipoa. Anayekwenda Morogoro na aanze mazoea hayo akiwa bado Chanika, aamke mapema na kusoma saa mbili kabla ya kwenda kazini, kwa sababu miaka mingi ya kazi imemwondolea ustahimilivu wa kukaa na kitabu, na ustahimilivu huo haurudi kwa kupanda basi.

La tatu ni fedha. Mikopo ya serikali kupitia Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, kwa sehemu kubwa imekusudiwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hivyo anayekwenda kwa uzamili hutegemea mshahara, akiba, au mfadhili. Mtumishi wa umma hutakiwa apate ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri wake, na asithubutu kuondoka kwa ruhusa ya mdomo, hata kama aliyeitoa ni mtu mwema na wamekula pamoja, kwani watu wema huhamishwa vituo. Karatasi zote, barua ya chuo, barua ya mwajiri, vyeti, kadi ya bima ya afya, azitolee nakala, seti moja aibebe na nyingine aiache kwa mtu mwaminifu.

Lakini kinachomaliza fedha za mwanafunzi wa karibu, wasikilizaji, si ada. Ni michango. Aliyekwenda Edinburgh hakuandikwa katika kamati ya harusi ya Kwamatuku. Aliyekwenda Morogoro huandikwa, na kwa kuwa simu yake inapatikana na fedha hutumwa kwa kubofya, humiminiwa ujumbe wa harusi, wa ubarikio, wa arobaini, wa kuezeka nyumba ya mjomba, na mimi mjomba naungama kuwa mabati hayana subira. Akitoa yote hataweza kumlipa mtakwimu wala kukodi pikipiki ya kumfikisha vijijini kwenye utafiti; asipotoa chochote ataambiwa elimu imemtia kiburi. Dawa ni kusema mapema. Kabla ya kuondoka awakusanye jamaa, aeleze kwa staha kwamba kwa miaka miwili kipato chake kina kazi moja, ataje misiba ambayo hataacha kuja, na mengineyo ayaombee udhuru. Udhuru unaotolewa kabla ya shida huitwa adabu, na ule ule ukitolewa baada ya shida huitwa uchoyo.

La nne ni wanaobaki. Mpwa wangu ana mume na watoto wawili, na hapo nasaha za barazani hubadilika sauti, kwani mwanamume akienda kusoma watu huuliza atarudi na cheo gani, na mwanamke akienda kusoma huuliza nani atampikia mume wake. Swali hilo la pili nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kulijibu hadharani: mumewe ana mikono miwili na jiko limo ndani. Jambo la kushughulikiwa kwa uzito ni watoto. Sisi Wazigua, kama Waluguru ambao mpwa wangu anakwenda kukaa kwao, tulirithi kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na katika hesabu hiyo mjomba hakuwa mgeni wa sikukuu. Alikuwa na dhima juu ya watoto wa dada yake. Desturi hiyo imechakaa, dini na serikali na maisha ya mjini vimeipunguza, lakini haijafa, na haiwezi kupata kazi bora kuliko hii. Nani atamwandikisha mdogo shule Januari, nani atashika kadi ya kliniki, nani ataamua homa ikipanda usiku, shamba la ekari mbili litalimwa na nani na mavuno ni ya nani: haya yasemwe yakiwa na mashahidi, kwa sababu ukaribu hufanya kila mtu aseme kwamba mama mwenyewe atakuja wikiendi, na mama wa watu akatumia kila wikiendi barabarani, baina ya Mkata na Chalinze, hajasoma na watoto hajawalea.

Yuko msikilizaji atakayenipinga. Atasema, mbona kuna waliofika Morogoro bila maandalizi yoyote na wakasoma? Kweli, na mfano wake uko ndani ya SUA yenyewe. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto, tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao usiku, wengine bila kuwaaga wazazi, na Tanzania ikakipa chama cha ANC ardhi ya Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge, ambapo kuanzia mwaka 1978 palijengwa shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Walijenga wao wenyewe pamoja na mafundi wa Kitanzania, wakalima, wakasoma, wengine wakafa na kuzikwa hapo hapo. Na mwaka 1992, uhuru wao ulipokaribia, majengo yale wakaikabidhi Tanzania, na leo ni kampasi ya Solomon Mahlangu ya chuo hicho.

Namkubalia mpinzani wangu kwamba vijana wale hawakuwa na begi wala chumba wala akiba. Lakini swali walikuwa nalo, tena hakuna aliyelazimika kuwakumbusha. Walijua wametoka wapi, wanasoma kwa ajili ya nini, na elimu yao wataipeleka wapi siku ikiwadia. Hayo ndiyo maandalizi ambayo fedha hazinunui. Mwenye hayo na asiye na chandarua atasumbuliwa na mbu na atasoma. Mwenye chandarua na asiye na hayo atalala vizuri.

Na kwa hilo la wapi ataipeleka elimu yake, wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Shahada ya uzamili ina tabia ya kumpandisha mtu ofisini na kumtoa shambani; bibi shamba aliyekuwa akikanyaga umande wa Kwamsisi hurudi akawa mkuu wa kitengo, mwenye meza na mikutano, na mkulima aliyempa pingili za utafiti hamwoni tena ila Nane Nane. Mara nyingi mwajiri hudai ahadi ya kurudi kutumikia, nayo huandikwa na kutiwa saini. Napenda awe na ahadi nyingine isiyo na saini, kwa wale wakulima aliowaandika daftarini: kwamba majibu atakayoyapata yatasomwa kwanza chini ya mwembe wa kijiji chao, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kusomwa ukumbini kwa lugha ya wasahihishaji.

Limebaki moja, nalo halimhusu yeye. Maandalizi ya msafiri nusu yake ni ya wasiosafiri. Sisi tunaobaki Chanika ndio tutakaopiga simu mchana wa mtihani kuuliza funguo za ghala ziliwekwa wapi. Sisi ndio tutakaomwita kwa kila kikao, kisha kumshangaa kuwa hajamaliza. Kwa hiyo jamaa tumekaa, tukagawana kazi. Mume ameshika nyumba na shule. Dada yangu ameshika kliniki. Shamba nimelishika mimi, pamoja na safu chache za mihogo ambazo mpwa wangu amenikabidhi, zilizopandwa kwa pingili safi upande mmoja na pingili za jirani upande wa pili, na maagizo ya kuandika kila mwezi ninachokiona kwenye majani. Mabati yangu yatangoja miaka miwili. Nimeyasema haya redioni kwa makusudi, ili nyinyi nyote muwe mashahidi, na atakayenisikia nikimpigia simu mpwa wangu kudai mchango kabla ya muda huo ana ruhusa yangu ya kunikemea sokoni.